Shimo la Kogo: Kutafuta Ngome Iliyopotea Katikati ya Chai

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na najua wapo wanaosubiri sehemu ya pili ya makala yangu ya hifadhidata. Itakuja. Leo nawaletea shimo. Ndiyo, shimo ardhini, lenye nyasi, ambamo mbuzi wa nyanya yangu wamekuwa wakijikinga upepo tangu kabla sijazaliwa. Shimo hilo limeninyima usingizi kuliko hitilafu yoyote niliyowahi kuisaka kwenye programu.

Kwa wasiojua kwetu: unapanda matatu Nairobi, unapita Narok, unapita Bomet, unafika Kaplong, na mbele kidogo ni Sotik. Ukishika njia ya kwenda Kericho, vilima vyote vimevaa chai hadi macho yanachoka na kijani. Shamba letu ni dogo, nusu chai na nusu malisho. Kwenye mteremko wa malisho kuna mashimo manne ya mviringo kama sahani kubwa, na lile kubwa zaidi ndilo tunaloliita shimo la Kogo. Kogo ndilo neno letu Wakipsigis la nyanya.

Desemba baba mdogo alisema atayajaza yote manne na kupanda chai. Hesabu yake haikuwa mbaya. Shimo kubwa lina upana wa mita 13 hivi, yaani eneo la mita za mraba 133. Ukipanda kwa nafasi ya mita 1.2 kwa 0.75 unapata mashina zaidi ya 140 katika shimo hilo peke yake. Binamu yangu anaingia kidato cha kwanza, na chai ndiyo inayolipa karo.

Kogo hakuinua hata macho. Akasema, "Hapo ni kwa Sirikwa. Hapajazwi."

"Mama," baba mdogo akamjibu kwa upole, "Sirikwa hawalipi karo."

Hapo kila mtu akatoa historia yake. Mzee mmoja jirani alisema ni ngome ya Wareno. Mwalimu mstaafu akasema hapana, yalichimbwa na askari wa Kiingereza walipokuja kuwapiga watu wa Sotik mwaka 1905. Mwingine akasema ni mashimo ya udongo wa kujengea tu, watu waache hadithi. Mimi, kwa kuwa ndiye ninayeshinda kwenye tarakilishi, nikaambiwa: wewe tafuta huko kwenye mtandao, utuletee jibu kabla ya mvua ya masika, maana miche hupandwa wakati huo. Nikawa na miezi mitatu na ushee.

Nilianza kama ninavyoanza kazi yoyote: kuondoa yasiyowezekana. Wareno walijenga Fort Jesus kule Mombasa kuanzia 1593, na nguvu zao zilikuwa pwani. Kila gofu la Kenya ambalo mwenyewe hajulikani hubandikwa jina lao, kama vile kila kosa la programu linavyosingiziwa virusi. Kuhusu askari, ni kweli msafara wa Waingereza dhidi ya Sotik ulikuwako mwaka 1905. Lakini askari wa safari hachimbi sahani nne za mviringo kwenye mteremko, anachimba handaki. Tena mashimo kama haya yapo Nandi, Uasin Gishu, Elgeyo na hadi karibu na Nakuru. Hakuna msafara mmoja uliopita kote huko ukichimba vitu vya aina moja.

Basi nikaenda kwenye maandishi, na hapo ndipo nilipogundua kwamba hata wataalamu walikosea, tena walikosea kwa namna inayofundisha.

G.W.B. Huntingford, Mwingereza aliyeishi Nandi miaka ya 1920, aliandika kuhusu mashimo na kuta za mawe za nyanda zetu za juu. Mwaka 1933 alichapisha katika jarida la Antiquity makala juu ya kile alichokiita ustaarabu wa Waazania. Alichukua magofu ya aina nyingi akayaweka chini ya taifa moja la kale lililopotea. Sisi wa programu tunalijua kosa hili: unaona dalili kumi, unadhani chanzo ni kimoja, unakipa jina zuri, na jina lenyewe linakuzuia kuangalia tena.

Kisha akaja Mary Leakey. Alichimba Hyrax Hill, nje kidogo ya Nakuru, mwaka 1937 na 1938. Aliyaona mashimo ya pale kuwa ni nyumba: watu walichimba chini, wakaezeka juu, wakaishi ndani. Wazo hilo lilikaa muda mrefu. Lina mantiki, maana huku kwetu Julai baridi inaingia hadi mifupani.

Miaka ya 1960 akaja John Sutton. Huyu alizunguka nyanda za juu za magharibi kilima kwa kilima, akapima, akachimba. Na moja ya sehemu alizochimba ni Chemagel, karibu na Sotik. Nilipolisoma jina hilo usiku, nilisimama nikazunguka chumba. Nilikuwa nimezoea kwamba historia ya vitabuni hutokea kwa watu wengine, Misri au Uingereza. Kumbe jibu la swali la familia yetu lilikuwa limechimbwa jirani kabla baba yangu hajaanza shule.

Sutton alitoa makala katika jarida la Man mwaka 1965, na kitabu kizima kuhusu nyanda hizi mwaka 1973. Katikati ya miaka ya 1980 alirudi hadi Hyrax Hill kwenyewe na kuchimba upya. Hitimisho lake ni hili: shimo halikuwa nyumba. Lilikuwa zizi. Watu walichimba mteremkoni, wakazungushia uzio wa miti, na penye mawe mengi, kama Uasin Gishu, wakajenga ukuta. Waliacha lango moja tu, upande wa chini. Langoni palikuwa na ulinzi wa ziada. Nyumba zilikuwa nje ya zizi lakini zimeshikamana nalo, na mlango wake unafunguka kuelekea zizini. Maana yake ni kwamba ukitaka kuingia nyumbani kwa mtu, lazima upite katikati ya ng'ombe wake, na ukitaka kuiba ng'ombe, lazima upite kwenye lango moja huku wenyewe wamelala hatua chache tu kutoka hapo.

Kwa hiyo yule mzee wa Wareno alikosea wajenzi, lakini neno lake halikuwa baya. Hii ilikuwa ngome, ila ngome ya ng'ombe.

Tarehe? Mashimo haya kwa jumla yanawekwa kati ya karne ya 12 au 13 na karne ya 18. Upana wake kwa kawaida ni mita 10 hadi 20. Wakati mengine yalipokuwa yakichimbwa, huko Ulaya wafalme walikuwa wakijenga kasri za mawe.

Na hapa niseme kitu kuhusu Uskoti, kwa sababu mashamba makubwa ya Kericho yana mkono wa Waskoti. Kampuni ya James Finlay, iliyoanzia Glasgow mwaka 1750, ilileta chai yake Kericho miaka ya 1920, wakati mmoja na Brooke Bond. Kwao kuna kasri iliyoitwa Roxburgh. Mwaka 1460 mfalme wao, James wa Pili, aliuawa alipokuwa akiizingira, mzinga wake mwenyewe ulipopasuka kando yake. Waskoti waliiteka wakaibomoa. Leo ni kilima cha nyasi na vipande vya ukuta. Lakini mtafiti wa Roxburgh ana jina, ana mwaka, ana mfalme, na ana ramani za zamani, zikiwemo zile za kijeshi zilizochorwa kote Uskoti kati ya 1747 na 1755. Jengo limepotea, kumbukumbu imebaki. Kwetu ni kinyume chake: shimo lipo, mbuzi wanalala ndani, ila karatasi hakuna.

Tena hata kumbukumbu ya mdomo ilikatwa. Chai ilipopandwa katika mashamba makubwa, watu walihamishwa, na mtu akihama anaondoka na majina ya mahali: kijito hiki kinaitwaje, kwenye kilima kile palikuwa na nini. Mwaka 1934 ukoo mzima wa Talai, waliokuwa viongozi wa mambo ya kiroho, ulifukuzwa kwa sheria hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Tukiuliza leo kwa nini hatujui, tukumbuke kwamba waliojua walipakiwa wakapelekwa mbali.

Haya, turudi kwenye kompyuta. Nilijiambia: mimi ni mtengeneza programu, nitayatafuta mashimo yote ya Bomet na Kericho kutoka angani. Nikapakua data ya miinuko iliyopimwa na chombo cha anga cha Endeavour mwezi Februari 2000. Data hiyo hutolewa bure, na tangu 2014 Afrika inapatikana kwa pikseli za mita 30. Nikaandika programu ya kutafuta mabonde madogo ya mviringo. Ikakimbia usiku kucha. Haikuona shimo la Kogo, ingawa nililisimamia mwenyewe nikiwa na simu mkononi.

Sababu niliipata kwa hesabu ambayo ningefanya kabla ya kuandika hata mstari mmoja. Pikseli ya mita 30 kwa 30 ni mita za mraba 900. Shimo letu ni 133, yaani asilimia 15 ya pikseli. Kina chake leo ni mita 1.2 katikati, tuseme wastani wa 0.6 kwa shimo zima. Ukisambaza kina hicho kwenye pikseli yote, ardhi inashuka kwa sentimita 9. Na data yenyewe inaweza kukosea kwa mita kadhaa. Nilikuwa natafuta nong'ono kwenye mkutano wa siasa.

Nikahamia picha. Setilaiti za Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, zina pikseli za mita 10, hivyo shimo langu ni nukta moja na kidogo. Google Earth ina picha kali zaidi, nikaifundisha programu kutambua miduara. Ikaniletea miduara 212! Nilikaa jioni tatu nikiikagua mmoja mmoja. Matangi ya maji, vivuli vya miti, nyumba za msonge, sehemu walizochomea makaa, na uwanja mmoja wa shule ambapo watoto walikuwa wamekanyaga nyasi kwa kucheza. Mashimo ya kweli labda manne, nayo yote yalikuwa malishoni. Ndani ya chai hakuna kitu, kwa sababu chai hukatwa juu ikawa meza iliyonyooka. Mche uliopo shimoni hupata urefu, wa ukingoni hukatwa, na kutoka angani ardhi yote inaonekana sawa. Chai haifuniki historia kwa udongo tu, inaipiga pasi. Dawa ni laidari, ile miale inayopimwa kutoka kwenye ndege na inayoweza kupenya kati ya majani, lakini ndege sina.

Basi nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Nikarudi nyumbani na kamba.

"Chamgei, Kogo."

"Chamgei mising. Umekuja kupima tena?"

"Nimekuja nikuulize wewe."

Akacheka, akanipa mursik, akachukua fimbo yake. Kwa nusu saa ya kutembea polepole alinionyesha mashimo saba: manne yetu, moja kwa jirani chini ya mikaratusi, na mawili ndani ya chai ya watu. Haya mawili nisingeyaona kamwe, lakini ukitembea katikati ya mistari unahisi mguu unashuka, kisha unapanda. Kila moja alilijua kwa kitu kilichotokea hapo: hapa ng'ombe fulani alizaa mapacha, hapa alijificha mvua ya mawe akiwa msichana. Nikaandika kila sehemu kwenye simu, kwa usahihi wa mita tano hivi.

Halafu nikajaribu dalili za Sutton kwenye shimo kubwa. Je, liko kwenye mteremko? Ndiyo. Kuna mengine karibu? Ndiyo. Ukingo umepungua upande wa chini, kama lango? Ndiyo, pana pengo la hatua tatu. Na chini ya pengo hilo kuna tuta la chini, refu, lenye majani mabichi kuliko kwingine. Hilo ndilo lililonishika koo. Zizi hufagiliwa. Samadi na matope hutupwa nje ya lango, upande wa chini, mwaka hadi mwaka, hadi panakuwa kilima. Nilikuwa nimesimama juu ya uchafu wa asubuhi nyingi za watu wasiojulikana majina.

Sikuchimba. Kwanza, Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inataka kibali. Pili, kuchimba ni kama kusoma faili linalojifuta kadiri unavyolisoma; ukikosea mara ya kwanza, hakuna nakala. Tatu, hata kama ningepata mkaa na kuupeleka maabara, jibu lisingekuwa rahisi. Kaboni 14 hupungua kwa nusu kila miaka 5,730, lakini kiasi chake hewani kimekuwa kikipanda na kushuka. Kwa vitu vya baada ya kama 1650, kipimo kimoja huweza kukupa karne mbili au tatu za kuchagua. Kwa shimo lililoachwa karne ya 18, hilo ni tatizo kubwa.

Swali la mwisho ndilo gumu zaidi: Sirikwa walikuwa nani? Masimulizi mengi ya Wakalenjin yanasema walikuwa watu wengine, waliokuwako kabla yetu, wakaondoka kuelekea kusini. Wamaasai nao wanalikumbuka jina hilo. Lakini koo kadhaa za Wakalenjin husema zina damu ya Sirikwa, na Sutton mwenyewe aliona kwamba kwa sehemu kubwa Sirikwa hawakwenda popote. Walibadili namna ya kuishi. Nguvu ya Wamaasai ilipokua, zizi la shimo halikufaa tena, watu wakaanza kufuga na kujilinda kwa njia nyingine, na baada ya vizazi wajukuu wakayaona mashimo ya babu zao kama kazi ya wageni.

Ninaandika hili kwa uangalifu, kwa sababu huku kwetu jina la kale likitajwa, kuna mtu anafungua daftari la mipaka. Wengine wangependa shimo liseme "sisi tulikuwa wa kwanza". Shimo si hatimiliki. Linachosema ni kwamba watu walifuga hapa, waliogopa wezi, na walifagia zizi kila asubuhi. Sioni kabila lolote linaloweza kukataa ukoo huo.

Niliiandikia familia kurasa mbili kwa Kiswahili rahisi, nikaeleza dalili moja baada ya nyingine, hasa lango na tuta. Baba mdogo alisoma mara mbili, akauliza maswali mazuri. Nikarudi Nairobi nikiwa na amani.

Nilipofika tena Aprili, mvua ilikuwa imeanza. Mashimo matatu yalikuwepo. La nne, lile dogo la kando ya njia, lilikuwa limejazwa, na miche ya chai imesimama juu yake kwa mistari iliyonyooka.

"Hilo halikuwa na lango," baba mdogo aliniambia. "Wewe mwenyewe uliandika kwamba lazima kuwe na lango na tuta."

Sikuwa na la kumjibu. Alikuwa ameitumia karatasi yangu vilevile kama programu inavyotumia sharti: kama hakuna lango, jaza. Sikuwa nimeandika kwamba njia ya kupitia ng'ombe ilikula ukingo wa shimo hilo miaka mingi iliyopita, na kwamba lango huenda lilikuwa hapohapo njia inapopita. Kila mwandishi wa programu anajua kwamba jaribio likishindwa kuona kitu, si ushahidi kwamba kitu hakipo. Nilikuwa nimejifunza hilo kwa setilaiti mwezi mmoja kabla, na bado sikuliandika kwenye kurasa za nyumbani.

Matatu yaliyobaki baba mdogo ameyaacha. Anasema sababu ni maji: shimo hutuama mvua ikizidi, na chai haipendi mizizi yake ikae majini. Yaweza kuwa kweli. Lakini jioni ile nilimwona akimwonyesha binamu yangu, yule wa kidato cha kwanza, mahali lango lilipokuwa, akieleza kwa mikono miwili jinsi ng'ombe walivyopita mmoja mmoja.

Ramani yangu ya sehemu saba sitaiweka hadharani, maana wapo watu wanaodhani kila shimo la kale lina dhahabu. Nimechapisha nakala mbili, moja ninayo mimi, nyingine iko kwenye sanduku la Kogo pamoja na kitambulisho chake. Kama kwenu kuna shimo la mviringo malishoni, lenye pengo upande wa chini, kabla hujaita trekta tafuta kwanza mtu mzee kijijini, mtembee naye. Nenda na kamba. Na ukiandika dalili, andika pia kinachoweza kuzificha.

Kuhusu hifadhidata, tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.